Ernst May: kutoka Frankfurt hadi Karen

Ukipanda matatu pale Adams Arcade ukaifuata Ngong Road mpaka Karen, umefika mtaa ambao Ernst May alijijengea nyumba yake mwishoni mwa miaka ya 1930. Sisi wa Mombasa kazi yake twaijua hata kama jina hatulijui. Ndiye aliyechora Oceanic Hotel, ile iliyopindwa ili vyumba vyake vipate upepo wa bahari.

Alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1886. Kuanzia 1925 alisimamia ujenzi wa mji huo, zikasimama nyumba zaidi ya 10,000, nyingi za wafanyakazi. Mwaka 1930 akaenda Urusi kupanga miji mipya. Hitler aliposhika serikali, May, mtu wa asili ya Kiyahudi, hakuwa tena na kwao pa kurudi. Akaja Tanganyika 1934, akalima karibu na Arusha, kisha akahamia Nairobi na kuirudia kazi yake ya kuchora. Vita vilipozuka Waingereza wakamfunga, kwa kuwa ni Mjerumani! Aliachiwa 1942.

Mwaka 1945 akabuni nyumba ya Mwafrika. Alikuwa ameitazama nyumba ya asili ya Waganda: fito zimepindwa kutoka ardhini hadi juu, ukuta na paa ni kitu kimoja, ndani hamna dari. Akaichukua sura hiyo, ila badala ya miti akaweka mbavu za zege, na juu yake mabamba ya zege ya kupachikwa kwa kulabu. Boriti hazimo, kombamoyo hazimo, na mchwa hana lake. Ukiwa ndani, macho yapanda moja kwa moja hadi kileleni, kama chini ya makuti yetu. Lakini makuti hupumua. Zege hushika jua la mchana likakurudishia joto usiku. Mpango ule haukuenea, nami sishangai.

Kinachonikera ni ramani yake ya kuupanua mji wa Kampala, ya mwaka 1947. Kilima cha Kololo aliwapa Wazungu na Wahindi, Naguru akawapa Waafrika. Wapo watakaosema alitumwa na serikali, na ni kweli alitumwa. Lakini huyu alifungiwa mlango wa kwao kwa sababu ya asili yake, na alijua fika maana ya kupangiwa mahali kwa damu.

Aliondoka Kenya mwishoni mwa 1953, akapanga mitaa mingine Ujerumani, na akafia Hamburg mwaka 1970.