Barbara McClintock na Mahindi ya Madoadoa

Sisi wa Trans Nzoia na Bungoma tumelelewa na mahindi. Asubuhi ni uji, mchana ni githeri, jioni ni ugali. Karo ya wengi wetu hutoka kwa magunia yanayopakiwa kwenye lori baada ya mavuno. Lakini ukimwuliza mwanafunzi ni nani aliyepata Tuzo ya Nobel kwa kuchunguza mahindi, atakucheka. Kwani mahindi yana Nobel? Ndiyo, yana, na aliyeipata ni mwanamke. Naomba unisikilize nikusimulie maisha yake, maana yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Barbara McClintock alizaliwa tarehe 16 Juni 1902 katika mji wa Hartford, jimbo la Connecticut, Marekani. Baba yake alikuwa daktari. Wazazi walimpa kwanza jina la Eleanor, kisha wakaona ni jina la upole mno kwa mtoto mkakamavu kama yule, wakamwita Barbara. Mwaka wa 1908 familia ilihamia Brooklyn, New York, na huko ndiko alikomaliza masomo ya sekondari mwaka wa 1919 katika shule ya Erasmus Hall.

Hapo shida ikaanza. Mama yake hakutaka aende chuo kikuu. Aliogopa kwamba msichana akisoma sana hataolewa. Wasomaji wenzangu, maneno haya mimi nimeyasikia kwa masikio yangu kule kwetu Bungoma. Nilipochagua Bayolojia na Kilimo mwanzoni mwa Kidato cha Tatu, mjomba mmoja aliuliza ati msichana anayehesabu miguu ya wadudu ataolewa na nani. Karo yangu ilijadiliwa kikaoni kama ng'ombe wa mahari, na ile ya muhula wa tatu mpaka sasa haijapata mwenyewe. Barbara alikuwa na bahati. Baba yake alikuwa amerudi kutoka vitani, akasimama upande wake. Mwaka huo huo wa 1919 akaingia Chuo Kikuu cha Cornell, katika chuo cha kilimo. Alipata shahada ya kwanza mwaka wa 1923 na ya udaktari mwaka wa 1927, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano tu.

Kazi yake haikuwa ya kukaa ofisini. Alipanda mahindi mwenyewe, akayapalilia, akafunika ndevu na maua ya juu kwa mifuko ya karatasi ili chavua isijipeperushie ovyo. Halafu alichukua chavua ya mmea anaoutaka akaipaka kwenye ndevu za mmea mwingine. Kila gunzi lilijulikana mama yake na baba yake. Baada ya shamba aliketi kwenye hadubini kutazama kromosomu, yaani zile nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba jeni. Yeye ndiye aliyezitambua kromosomu kumi za mahindi moja moja na kuzipa namba. Mwaka wa 1931, pamoja na mwanafunzi aliyeitwa Harriet Creighton, alionyesha kwamba kromosomu mbili zinaposhikana hubadilishana vipande kweli kweli, na jeni huhama pamoja na vipande hivyo.

Hata hivyo, kazi ya kudumu ilimpiga chenga. Alifundisha Chuo Kikuu cha Missouri kuanzia 1936, lakini akaona hatapandishwa cheo, akaondoka. Mwishoni mwa 1941 alifika kituo cha utafiti cha Cold Spring Harbor, karibu na jiji la New York. Hapo alipewa kishamba, chumba cha kazi na uhuru. Akakaa hapo mpaka kufa.

Sasa tufike kwenye madoadoa. Nyumbani kwa kukhu wangu, magunzi ya mbegu huning'inizwa juu ya meko yapate moshi, wadudu wasiyale. Mengine yana punje nyeupe, nyekundu na za zambarau kwenye gunzi moja. Hayo hutokana na chavua kuchanganyika, wala si ajabu. Ajabu aliyoikuta Barbara ni ndani ya punje moja: punje nyeupe iliyonyunyiziwa madoa ya zambarau, kama shati lililorukiwa na wino. Tena punje nyingine zilikuwa na madoa makubwa, nyingine vidoa vidogo sana. Mtu mwingine angesema ni ugonjwa, akawatupia kuku. Yeye aliuliza kwa nini.

Jibu lilimchukua miaka. Aligundua kwamba kuna kipande kwenye kromosomu, akakiita Ds, ambacho huweza kung'oka mahali pake na kuingia mahali pengine. Kikiingia katikati ya jeni ya rangi, jeni hiyo huharibika, na punje hubaki nyeupe. Punje inapoendelea kukua, kipande huondoka katika seli fulani. Jeni hupona, na watoto wote wa seli ile huwa na rangi. Hilo ndilo doa. Kikiondoka mapema, watoto ni wengi na doa ni kubwa. Kikichelewa, doa ni dogo. Na Ds hakitembei bila kipande kingine alichokiita Ac kuwapo. Ni kama gari na dereva wake.

Wakati ule wanasayansi waliamini kwamba jeni zimepangwa kama shanga kwenye uzi, kila moja na mahali pake pa milele. Barbara hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka wa 1944 alikuwa amechaguliwa kuingia Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani, mwanamke wa tatu kupata heshima hiyo, na mwaka wa 1945 akawa mwanamke wa kwanza kuongoza chama cha wanajenetiki wa nchi hiyo. Lakini alipoeleza habari za vipande vinavyohama katika mkutano wa 1951, wengi hawakumwelewa, na wengine walidhani ni vituko vya mahindi tu. Baada ya 1953 alipunguza sana kuchapisha mambo hayo. Kupanda hakuacha. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Mshindo ulitoka mahali ambapo hapakutarajiwa: kwa viumbe vidogo kuliko punje yoyote. Hapo hapo Cold Spring Harbor kulikuwa na watu waliochunguza virusi vinavyoshambulia bakteria. Virusi hivyo huitwa bakteriofaji. Kirusi cha namna hii hutua juu ya bakteria, humdunga DNA yake kama sindano, na bakteria hugeuzwa kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Mwaka wa 1952 Alfred Hershey na Martha Chase walitumia virusi hivyo, pamoja na blenda ya kawaida ya jikoni, kuonyesha kwamba kinachoingia kutoa amri ni DNA.

Kisha mwaka wa 1963 Austin Taylor aliandika kuhusu kirusi kilichoitwa Mu. Hiki kilijipachika popote kwenye DNA ya bakteria, na kila kilipoingia kiliharibu jeni. Je, msomaji, hukumbuki kitu kama hicho? Mwishoni mwa miaka ya 1960, watafiti wa Ujerumani na Uingereza walikuta vipande vya DNA vilivyojipenyeza ndani ya jeni za bakteria na kuzizima. Mwaka wa 1974, vipande vinavyohama na kubeba jeni za kushinda dawa vikapewa jina la transposoni. Watu wakarudi kusoma maandishi ya yule mama wa mahindi. Alichokiona kwenye gunzi kilikuwamo hata katika bakteria. Leo inajulikana kwamba karibu nusu ya DNA ya binadamu imetokana na vipande vya namna hiyo.

Pengine utasema, hayo ni ya Wazungu, sisi yanatuhusu nini? Mwaka jana kakangu mdogo alilazwa katika hospitali moja. Dawa ya kwanza ilikataa kabisa. Siku tatu joto halishuki, mama halali. Daktari akabadilisha dawa, akatueleza kwamba vijidudu vile vilikuwa sugu. Njia mojawapo ya kuwa sugu ni hii ya transposoni: jeni ya kushinda dawa, mathalani ampisilini, huruka kutoka kipande kimoja cha DNA hadi kingine, na bakteria mmoja humpa mwenzake. Tunaponunua vidonge viwili vitatu vya antibayotiki dukani na kuacha dozi katikati, tunawaua bakteria wanyonge na kuwaachia uwanja walio sugu.

Kuna jambo lingine la karibu. Kuanzia mwaka wa 1957 Barbara alijishughulisha na mahindi ya asili ya Amerika ya Kati na Kusini, akilinganisha kromosomu zake ili ajue yalivyosambaa. Wakati huo huo watafiti wa hapa Kitale walikuwa wakichukua mahindi ya Ecuador na kuyazalisha na ya kwetu. Ndivyo ilivyopatikana Hybrid 611 mwaka wa 1964, mojawapo ya mahindi chotara ya kwanza ya Kenya. Barbara hakufanya kazi Kitale, ila mahindi tunayokula yana ukoo na yale aliyoyatazama.

Tuzo ya Nobel ya tiba ilimfikia mwaka wa 1983, peke yake bila kugawana na mtu, akiwa na miaka themanini na mmoja. Hakuwa na simu nyumbani, hivyo habari aliisikia redioni. Hakuolewa wala hakuzaa, na hakulalamika. Alifariki tarehe 2 Septemba 1992, akiwa na umri wa miaka tisini.

Ndugu zangu wa Chama cha Kiswahili, jenetiki tutaisoma Kidato cha Nne. Mimi natumaini nitakuwapo darasani. Wazazi mtakaosoma gazeti hili, yule baba aliyerudi vitani alisema ndiyo mara moja tu, na dunia nzima ikafaidika. Nanyi wanafunzi, mkiona gunzi lisilofanana na mengine msilitupe kabla ya kuliuliza swali. Barbara alikaa zaidi ya miaka ishirini bila wengi kumsadiki, na kila msimu ulipofika, alipanda tena.