Lehmann, mkimbizi aliyeisoma damu ya Afrika Mashariki

Ukishuka Noonkopir jioni, angalia tu watu mnaosukumana nao stejini: Mmaasai, Mkamba, Mluo, Mluhya, Mkisii. Kitengela imejaa watu wa kuja, na mapenzi hayaulizi kabila. Basi kabla hujapeleka mahari, hebu mjue Hermann Lehmann.

Alizaliwa 1910 mjini Halle, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi. Wanazi waliposhika serikali, ilibidi shahada ya udaktari akaichukulie Basel, Uswisi, 1934. Akafanya kazi Heidelberg kwa Otto Meyerhof, mshindi wa Nobel, akichunguza vimeng'enya vinavyoigeuza sukari kuwa nguvu ya misuli. Seli nyekundu za damu nazo huishi kwa njia hiyo hiyo.

1936 akahamia Cambridge. Vita vikaja, na 1940 Waingereza wakamfungia kwa kuwa Mjerumani. Yaani umkimbie Hitler, halafu ufungwe kama mtu wake! Alipoachiliwa akawa daktari katika jeshi la Uingereza, akapelekwa India. Huko alikutana na wagonjwa wengi wenye upungufu wa damu.

1947 alikuja Makerere, Kampala. Yeye na daktari Alan Raper walipima damu za watu wa makabila mbalimbali ya Uganda, wakitafuta seli zinazojikunja kama mundu. Matokeo yao ya 1949 yalishangaza. Kwa Wahima hali hiyo ilikuwa adimu. Kwa Waamba, kule Bwamba, karibu watu 45 kati ya 100 walikuwa nayo.

Mbona kitu kinachoua watoto kienee hivyo? Jibu lilitoka kwa Anthony Allison, aliyelelewa hapa Kenya, mwaka 1954: ukiirithi kwa mzazi mmoja tu, inakukinga dhidi ya malaria kali. Ukiirithi kwa wazazi wote wawili, ndio ugonjwa wa selimundu.

Lehmann hakuviacha vimeng'enya. Mwaka 1956, akiwa London, alionyesha kuwa upungufu wa kimeng'enya fulani cha damu hurithiwa katika familia. Mwenye upungufu huo akidungwa suxamethonium, dawa ya kulegeza misuli wakati wa upasuaji, anaweza kukaa saa kadhaa bila kupumua mwenyewe, ilhali kwa wengine dawa huisha kwa dakika chache. Kwa hivyo ukiulizwa kabla ya kuingia thieta kama kuna mtu kwenu aliyewahi kupata shida na dawa za usingizi, usijibu ovyo.

Baadaye alirudi Cambridge, akawa profesa, na maabara yake ikapokea damu zenye hemoglobini za ajabu kutoka pembe zote za dunia. Alifariki 1985.

Sasa rudi Noonkopir. Wewe na mpenzi wako mnaweza kuwa wazima kabisa, na bado kila mmoja amebeba nusu ya selimundu bila kujua. Mkiwa hivyo, kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuleta mtoto mgonjwa. Kujua ni suala la damu kidogo tu. Nendeni mpimwe, wote wawili.