Arthur Loveridge, Aliyewapa Majina Mijusi wa Pemba

Wasomaji wetu waliokulia Pemba wanamjua yule mjusi wa kijani anayepanda minazi na migomba mchana kweupe. Ni wachache kati yetu wanaojua kwamba jina lake la kitaalamu alilipata Marekani.

Aliyempa jina hilo ni marehemu Arthur Loveridge. Alizaliwa Penarth, Wales, mwaka 1891. Mwaka 1914 alifika Nairobi kusimamia jumba la makumbusho, lakini vita vikazuka, naye akajiunga na jeshi la Waingereza dhidi ya Wajerumani. Vita vilipokwisha akawa msaidizi wa bwana nyama Tanganyika. Mwaka 1924 aliajiriwa Chuo Kikuu cha Harvard, katika jumba la makumbusho ya wanyama, akabaki huko hadi 1957. Mara kadhaa alirudi Afrika Mashariki kukusanya nyoka, vyura na mijusi.

Kazi yake ilitaka subira. Alihesabu magamba, akapima mikia, akachunguza vidole, kisha akalinganisha mjusi wa kisiwa kimoja na wa kwingine. Miongoni mwa waliomsaidia kupata viumbe vya Pemba ni R. H. W. Pakenham, ofisa wa serikali ya kikoloni Zanzibar. Mwaka 1941 Loveridge alitangaza matokeo. Yule wa kijani akamwita parkeri, kwa heshima ya H. W. Parker wa British Museum. Mwingine, mdogo zaidi, akamwita pakenhami.

Majina hayo ni ya Waingereza. Wapemba, waliowajua mijusi hao vizazi na vizazi, hawamo. Hilo linatuuma, na tunalisema wazi.

Hata hivyo, haki yake tumpe. Mkondo wa bahari kati ya Pemba na Bara una kina kirefu, na umekitenga kisiwa kwa muda mrefu mno. Viumbe wake wakabadilika peke yao. Loveridge ndiye aliyeiandika tofauti hiyo ikatambulika duniani. Leo wataalamu wanamhesabu parkeri kuwa spishi kamili, na kwao asili ni Pemba tu.

Loveridge alifariki mwaka 1980 katika kisiwa cha St Helena alikostaafu. Ametuachia orodha; ulinzi ni kazi yetu. Msitu wa Ngezi ukikatwa na mashamba yakiisha, mjusi akitoweka Pemba, hakuna pengine pa kumtafuta. Tuwafundishe watoto wetu, walio nyumbani na walio ughaibuni.