Kadhi aliyewapiga mnada wakubwa

Wapo Waislamu wanaoamini kuwa sheria ni mali ya wenye fedha na vyeo, na kwamba mnyonge hana lake isipokuwa kusubiri malipo ya Akhera. Mimi ni mwalimu wa dini, na nikisikia kauli hiyo namkumbuka Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni wa madhehebu yetu ya Shafii, aliyepewa jina la Sultani wa Wanavyuoni.

Alizaliwa Damascus karibu na mwaka 1181, katika nyumba ya kimasikini. Alichelewa kuanza kusoma, lakini alifika hadi kukabidhiwa mimbari ya Msikiti wa Umayya. Mtawala wa mji, Salih Ismail, alipowapa Wapiganaji wa Msalaba ngome za Waislamu ili wamsaidie dhidi ya mtoto wa nduguye aliyetawala Misri, Sheikh aliacha kumwombea dua katika khutba. Akavuliwa kazi na kufungwa.

Mwaka 639 Hijria alihamia Misri. Sultani Najmuddin Ayyub akampa mimbari ya Msikiti wa Amr bin Al-As na kazi ya ukadhi. Huko ndiko alikoutikisa utawala, na silaha yake ilikuwa kanuni ya kawaida ya fiqhi.

Nguvu ya dola ilikuwa mikononi mwa Mamluki, askari watumwa walionunuliwa kwa fedha za Baitul Mal. Baadhi yao walishakuwa maamiri, na mmoja wao alikuwa naibu wa Sultani. Kadhi alitazama hali yao, akakuta haijathibiti kuwa waliwahi kuachwa huru. Mtumwa hauzi, hanunui wala haoi bila idhini ya mwenye kummiliki. Basi akakataa kuzipitisha biashara na ndoa zao. Akatoa hukumu kuwa wao ni mali ya umma, hivyo wauzwe kwa mnada, kisha waachwe huru kwa njia ya sheria.

Sultani alikasirika. Sheikh hakubishana naye. Alipakia vitu vyake juu ya punda, akaondoka Cairo na familia yake. Watu wakamfuata makundi kwa makundi, wanavyuoni na wafanyabiashara, mpaka Sultani akaambiwa kuwa ufalme wake unamtoka. Alimfuata mwenyewe kumbembeleza arudi. Yule naibu alikwenda nyumbani kwa Sheikh na upanga mkononi, lakini alipomwona mkono ulimlegea, akalia. Mnada ukafanyika. Maamiri wakauzwa mmoja mmoja kwa bei kubwa, na fedha zikatumika katika mambo ya kheri.

Baadaye mkubwa mmoja wa serikali alijenga nyumba ya kupigia ngoma juu ya msikiti. Kadhi aliamuru ibomolewe, akatangaza kuwa ushahidi wa mkubwa huyo haukubaliki, kisha akajiuzulu.

Hata Watatari walipokaribia na Sultani Qutuz alipotaka kuwatoza raia fedha za vita, Sheikh aliweka sharti: kwanza maamiri watoe dhahabu na mapambo yao, kila mmoja abaki na farasi na silaha yake, wawe sawa na watu wa kawaida. Mwaka 1260 Waislamu walishinda Ain Jalut. Sheikh alifariki Cairo mwaka 1262.

Ndugu msomaji, mtu huyu hakuwa na jeshi. Alikuwa na vitu viwili: elimu ya sheria, na moyo usioogopa kupoteza cheo. Elimu bila moyo huo humfanya mwanasheria kuwa mtumishi wa dhalimu, na moyo bila elimu huishia kwenye kelele.

Leo tunao vijana wetu wengi waliosoma sheria, na tunao wajane wanaonyimwa mirathi na masikini wanaoporwa viwanja kwa kutojua pa kuanzia. Mwenye elimu hiyo atenge japo siku moja katika wiki kwa ajili ya watu hawa. Mkubwa akijua kuwa kanuni ile ile itasomwa mbele yake kama inavyosomwa mbele ya mchuuzi, dhulma itapungua.

Allah atujaalie mahakimu na mawakili wa namna hiyo. Amin.