Mo Amin: Mtoi wa Eastleigh Aliyefanya Dunia Nzima Isimame na Kamera Yake

Ukipita Eastleigh leo, kila msee ako na simu mkononi. Mtu anapiga selfie mbele ya mall, mwingine anarekodi nguo aposte, mwingine anashuti video ya TikTok katikati ya barabara huku mkokoteni unampigia kelele atoke njiani. Picha imekuwa rahisi kama kupumua.

Lakini kuna mtoi alizaliwa hapo hapo Islii tarehe 29 Agosti 1943, wakati kamera ilikuwa kitu cha watu wachache sana. Alikuja kupiga picha zilizofanya mastaa wakubwa wa dunia waingie studio na watu wajaze viwanja London na Philadelphia. Jina lake ni Mohamed Amin. Wengi walimwita Mo tu.

Kama hujawahi kumsikia, tulia. Hii story inakuhusu.

Islii ya kitambo

Wakati Mo anazaliwa, Nairobi ilikuwa mji uliogawanywa kwa rangi. Wazungu walikuwa upande wa magharibi kwenye miti na baridi. Waafrika walisukumwa mashariki, kwa mitaa kama Pumwani, Kaloleni, Ziwani na Shauri Moyo. Wahindi wengi walikuwa Ngara, Parklands na Eastleigh, na hapo Eastleigh wakakaa pamoja na Wasomali na wengine. Ndege za jeshi la Uingereza zilikuwa zikitua hapo karibu, pale ambapo leo ni Moi Air Base.

Baba yake Mo alitoka Punjab akaja kufanya kazi ya reli. Hakuwa sonko. Ilikuwa familia kubwa ya watoto wengi na mshahara mmoja. Mo akiwa bado mdogo, familia ikahamia Dar es Salaam kufuata kazi.

Huko Dar ndiko mambo yalianzia. Akiwa na miaka 11 alipata kamera yake ya kwanza, Box Brownie ya mtumba. Kama hujaiona, ni kisanduku tu chenye shimo la lenzi na kitufe. Haina zoom, haina filter, haina kitu. Lakini kwa mtoi wa reli, ilikuwa ni kama kupewa ufunguo wa dunia.

Kamera ya wakubwa

Hapa lazima nikuchukue kando kidogo, ndio uelewe mboka ya picha enzi hizo ilikuwa aje.

Wakati Mo anabeba kisanduku chake, kamera iliyokuwa inaheshimika kwa mafundi wa studio na wa magazeti ilikuwa ni ya Kijerumani, inaitwa Rolleiflex. Ilitoka mwaka 1929 kwa mji wa Braunschweig, kwa kampuni ya jamaa wawili, Paul Franke na Reinhold Heidecke. Ilikuwa na lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu ilikuwa ya kuangalia, ya chini ya kupiga. Mpiga picha hakuiweka kwa jicho. Aliishika kifuani ama tumboni, akainamisha kichwa, akaangalia chini kwa kioo. Na kwa hicho kioo kila kitu kilikuwa kimegeuzwa. Ukisonga kulia, picha inaenda kushoto.

Picha zake zilikuwa za mraba, pande zote sawa, sentimita 6 kwa 6. Sababu ni rahisi tu. Kamera ya kushika tumboni huwezi kuilaza kando kama simu, kwa hivyo mraba ulimaliza hiyo shida. Na roli moja ya filamu ilikuwa na picha 12. Kumi na mbili peke yake! Ukikosea moja, umechoma pesa. Baada ya hapo unaingia chumba cha giza kusafisha, na hapo tu ndio unajua kama ulipata ama ulikosa.

Uliza shosho akutolee albamu. Kuna uwezekano mkubwa utapata picha za mraba, nyeusi na nyeupe, na kimpaka cheupe pembeni. Msee amesimama wima na suti, nyuma kuna pazia, kando kuna maua ya plastiki. Hiyo ndiyo ilikuwa Insta ya wazee wetu. Instagram yenyewe ilipoanza 2010 ilikuwa inakubali mraba tu, na hilo halikubadilika hadi 2015. Kumbe tulikuwa tunarudia mambo ya kitambo bila kujua.

Rolleiflex yenyewe iliangushwa na kamera ndogo za Kijapani. Zilikuwa za haraka na unaweza kubadilisha lenzi. Kufikia 1981 kampuni ilikuwa imefilisika.

Somo la hiyo enzi ni moja: hakukuwa na kufuta. Wapiga picha wa kizazi cha Mo walijifunza kungoja, kuona kabla ya kubonyeza, na kufika mahali kabla ya wengine.

Kutoka Dar hadi jela ya Zanzibar

Mwaka 1963, Mo akiwa na miaka kama 20 hivi, alianzisha kampuni yake Dar es Salaam, akaiita Camerapix. Hakuwa na mtaji wa maana, lakini alikuwa na miguu ya haraka.

Januari 1964 mapinduzi yakalipuka Zanzibar. Wakati watu wanatafuta njia ya kutoka kisiwani, Mo alikuwa anatafuta njia ya kuingia. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia yake maisha yote, kukimbilia pale wengine wanatoroka.

Lakini kazi hii ina bei. Mwaka 1966 alirudi Zanzibar na kamera, akanasa mambo ya mafunzo ya kijeshi ambayo wakubwa hawakutaka yaonekane. Wakamshika. Alikaa ndani karibu mwezi mzima, akateswa, kisha akafukuzwa na kurudishwa Kenya. Msee mwingine angeuza kamera afungue duka. Mo alirudi Nairobi, akaendelea.

Tarehe 5 Julai 1969, siku ya Jumamosi, Tom Mboya alipigwa risasi Government Road, ile tunaita Moi Avenue leo, akitoka kwa duka la dawa. Alikuwa na miaka 38. Mo alifika haraka na akapiga picha za siku ambayo Kenya haijawahi kuisahau. Kazi hiyo ilimpa tuzo kubwa ya wapiga picha wa televisheni Uingereza. Lakini fikiria pia upande mwingine: kusimama na kamera wakati nchi yako inalia, mikono isitetemeke.

Miaka ya 70 alifuata Idi Amin huko Uganda, kuanzia anachukua serikali 1971 hadi anang'olewa 1979. Hawakuwa na undugu, jina tu. Pia aliingia Makka akapiga picha za Hajj, na 1978 zikatoka kama kitabu. Watu wanamkumbuka kwa vita na njaa, lakini jamaa pia alitengeneza vitabu vya picha vinavyoonyesha Turkana, wanyama na watu wetu wakiwa na heshima zao.

Korem, 1984

Sasa tufike mahali dunia ilisimama.

Mwaka 1984, kaskazini mwa Ethiopia watu walikuwa wanakufa njaa. Mvua ilikosa, na vita vilikuwa vimefunga barabara. Serikali ya Mengistu Haile Mariam haikutaka wageni wenye kamera huko. Mo alisukuma, akaomba, akazungusha watu aliowajua, hadi akapata ruhusa. Oktoba akaingia Korem na Mekele pamoja na mtangazaji wa BBC, Michael Buerk.

Kile walikuta kilikuwa kibaya kuliko vita vyote Mo alikuwa ameona. Maelfu ya watu wamelala chini kwa baridi ya alfajiri, wengine wameshafariki, wazazi wamebeba watoto ambao hawalii tena. Mo alifanya kazi yake polepole. Hakukimbiza kamera. Aliacha watu waonekane kama watu.

Ripoti ilirushwa na BBC tarehe 23 Oktoba 1984. Stesheni zaidi ya 400 duniani zikaionyesha, na waliotazama wakahesabiwa kwa mamia ya mamilioni. Bob Geldof aliona, akakusanya wanamuziki wa Uingereza wakarekodi wimbo wa Krismasi. Marekani nao, kina Michael Jackson na Lionel Richie, wakatoa We Are the World. Tarehe 13 Julai 1985 ikawa ni Live Aid. Yote hayo yalianzia kwa jicho la mtoi wa Islii.

Kuna wale wanasema picha hizo pia zilituachia jina baya, kwamba hadi leo ukisema Afrika huko ng'ambo, mtu anaona mtoto mwenye njaa na nzi usoni. Hiyo hoja ina uzito na si ya kupuuzwa. Lakini bila hizo picha, wale watu wa Korem wangekufa kimya, na wengi waliopata chakula baadaye hawangekipata. Mo hakuwa mgeni aliyekuja kupiga safari. Alikuwa mtu wa hapa, akionyesha majirani zake wakiwa kwa shida.

Mkono mmoja

Juni 1991, serikali ya Mengistu ikiwa imeanguka tu, Mo alikuwa Addis Ababa wakati ghala la silaha lililipuka. Mkenya mwenzake John Mathai, aliyekuwa anashughulikia sauti, alikufa hapo hapo. Mo alipoteza mkono wa kushoto.

Mpiga picha bila mkono! Wengi walidhani hapo ndio mwisho. Mo aliwekewa mkono wa bandia wa kielektroniki, akafanya mazoezi, akarudi kazini. Noma sana.

Lakini tusimfanye malaika. Nyumbani kulikuwa na mke na mtoto mmoja wa kiume, Salim, na baba alikuwa mbali zaidi ya vile alikuwa karibu. Salim mwenyewe alikuja kutengeneza filamu mwaka 2006, Mo & Me, kuhusu kumtafuta baba ambaye dunia ilimjua kuliko familia. Hiyo pia ni bei, na ililipwa na watu ambao hawakushika kamera.

Safari ya mwisho

Tarehe 23 Novemba 1996, Mo alipanda ndege ya Ethiopian Airlines kutoka Addis kuja Nairobi. Safari fupi tu ya kurudi home. Vijana watatu wakaiteka nyara, wakataka ipelekwe Australia. Rubani Leul Abate aliwaambia mafuta hayawezi kufika, wakakataa kusikia. Mafuta yaliisha, ndege ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Comoro. Ndani kulikuwa na watu 175. Waliokufa ni 125, pamoja na watekaji wenyewe.

Mo alikuwa mmoja wao, na pia mwandishi mwenzake wa miaka mingi, Brian Tetley. Walionusurika walisimulia kwamba Mo hakuwa amekaa kwa kiti. Alikuwa amesimama, akijibizana na watekaji. Alikuwa na miaka 53.

Camerapix bado ipo Nairobi, na Salim ndiye aliyebaki kutunza hazina ya baba: mamilioni ya picha na masaa mengi ya video za Afrika ikipata uhuru, ikipigana, ikicheka na ikizika.

Kwa hivyo wewe kijana wa Buru, Umo, Dandora ama Kayole unayepiga picha kwa simu yenye kioo kimepasuka, usidharau hicho kifaa. Mo alianza na kisanduku cha mtumba. Na wikendi hii ukienda kwa shosho, toa ile albamu, mwulize kila mtu kwa zile picha za mraba anaitwa nani, kisha uandike jina nyuma kwa penseli. Akienda yeye, hakuna mwingine atakwambia.