As-Suli: Msee wa Baghdad Aliyeacha Fumbo la Sataranji, Dunia Ikasumbuka Miaka Elfu

Ukipita Mkunguni jioni, pale mbele ya Ngome ya Amu, utacheki wazee wameinamia bao na vijana wakingoja zamu. Hapo hakukosi bazu mmoja, yule anakuchapa huku anapiga stori. Sio uchawi. Hiyo hali umemwekea ashaiona mara mia, anajua inaishia wapi. Leo wacha tukupe stori ya bazu kama huyo, ila gemu yake ilikuwa sataranji, ile wengi mnaita chesi.

Jina lake Abu Bakr as-Suli. Ukoo wake ulikuwa wa Waturuki waliowahi kutawala Gurgan, karibu na Bahari ya Kaspi, lakini maisha yake yalikuwa Baghdad, mji wa makhalifa. Usidhani ni mbali sana na kwetu. Enzi hizo watu wa Shanga, kisiwani Pate, walikuwa washajenga msikiti na walikuwa wanatumia vyombo vya udongo vilivyoletwa na majahazi kutoka Ghuba. Hata hili neno sataranji limetoka kwa shatranj ya Waarabu.

Mechi iliyomtoa ilikuwa mbele ya Khalifa al-Muktafi, aliyetawala 902 hadi 908. Khalifa alikuwa na mtu wake, al-Mawardi, jina linalotokana na maji ya waridi, yale marashi tunanyunyizia wageni kwa harusi. Khalifa alimshangilia mtu wake waziwazi hadi as-Suli akababaika mwanzoni. Kisha akatulia, akamchapa al-Mawardi vibaya sana. Hapo hapo khalifa akageuka. Akamwambia al-Mawardi kwamba waridi lake limekuwa mkojo. Noma!

Siri ya as-Suli ilikuwa kusoma. Alikuwa na maktaba kubwa, na aliandika vitabu kuhusu jinsi ya kufungua gemu na jinsi ya kuimaliza. Wachezaji wa wakati huo walikusanya mafumbo ya mwisho wa gemu, wakayaita mansuba. Unapewa vipande vichache ubaoni, unaambiwa umalize. Ukishika mansuba nyingi kichwani, ukicheza unaanza kuzitambua kabla hazijafika.

Na gemu ilikuwa ngumu. Malkia wa leo alikuwa waziri, na alisogea mraba mmoja tu kimshazari. Kazi nzito ilifanywa na ngome na farasi. Kuna mati moja ya zamani hizo inafundishwa hadi leo, inaitwa mati ya Kiarabu. Mfalme wa adui ako kwa kona. Farasi wako anasimama miraba miwili kimshazari kutoka hiyo kona. Ngome inakuja kando ya mfalme, inampiga shah, na farasi anailinda. Mfalme hawezi kuila, na hana pa kutorokea. Imeisha hiyo.

Lakini fumbo lake kubwa halikuwa na ngome wala farasi. Kila upande ulikuwa na mfalme na waziri, basi. Kwa sheria za zamani, ukimla waziri wa mwenzako mfalme akabaki peke yake, umeshinda. As-Suli alisema hakuna anayeweza kulitatua isipokuwa aliyefundishwa na yeye.

Alimfundisha pia mwana wa mfalme, ambaye baadaye akawa Khalifa ar-Radi. Inasimuliwa kwamba siku moja ar-Radi alikuwa kwa bustani, wenzake wanasifia maua, yeye akasema uchezaji wa as-Suli unashinda hayo maua. Aliyeandika stori hiyo ni al-Masudi, msafiri ambaye mwaka wa 916 alivuka bahari yetu hii kutoka Qanbalu, ambayo wasomi wengi wanasema ni Pemba, akaenda Oman.

Ar-Radi akafa 940, na mambo ya as-Suli yakaharibika. Ikulu haikuwa tena yake. Baadaye alisimulia jambo kuhusu Sayyidna Ali lililowakasirisha watu, wakataka kumuua. Mzae akatorokea Basra, akajificha, akafa huko karibu mwaka wa 946 akiwa amefilisika. Alijua kumbana mfalme yeyote ubaoni, lakini ulinzi wake wote ulikuwa kwa mfalme mmoja, na huyo alipoondoka hakuwa na mraba wa kukimbilia.

Vitabu vyake ndivyo vilibaki. Wanafunzi wake waliviendeleza, na waliokuja baadaye wakamfanya kipimo: kumsifu mchezaji, ulisema anacheza kama as-Suli. Lile fumbo lilikaa zaidi ya miaka elfu hadi miaka ya 1980, ndipo Yuri Averbakh, bingwa wa Kisovieti, akapata jibu.

Kwa hivyo ukichapwa Mkunguni, usikimbilie kupanga gemu nzima upya. Weka mfalme kwa kona, chukua farasi na ngome, rudia ile mati hadi mkono uizoee. Ukimaliza hiyo, tafuta ingine.