Maisha ya Norbert Wiener, Mwanahesabu Aliyewaonya Watu

Katika kurasa kama hizi tumezoea kusoma habari za majemadari, wasafiri na wafalme. Leo napenda kuwasimulia maisha ya mtu ambaye hakuongoza jeshi wala hakuteka nchi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mfupi, mnene, mwenye ndevu za kidevuni na miwani mizito, kwa kuwa macho yake yalikuwa mabovu tangu utoto. Jina lake ni Norbert Wiener. Fikira zake zimo katika mitambo mingi tunayoitumia siku hizi, na swali alilowaachia watu linatuhusu sisi zaidi kuliko lilivyowahusu watu wa zamani zake.

Norbert alizaliwa tarehe 26 Novemba, 1894, katika mji wa Columbia, jimbo la Missouri, Marekani. Baba yake, Leo Wiener, alizaliwa Bialystok, mji uliokuwa chini ya Urusi wakati ule, akahamia Marekani angali kijana, mkononi hana kitu. Mzee huyu alijua lugha nyingi ajabu. Akapanda daraja kwa daraja hata akawa profesa wa lugha za Kislavoni katika Chuo Kikuu cha Harvard, na ndiye aliyefasiri kwa Kiingereza vitabu vya Tolstoy, majuzuu 24.

Leo Wiener aliamini kwamba mtoto yeyote aweza kuwa mwanachuoni akifundishwa vema, basi akaazimu kumfundisha mwanawe yeye mwenyewe nyumbani. Somo lilianza kwa upole. Lakini mtoto akikosea hesabu, upole uliondoka, baba akafoka, na mara nyingi somo lilikwisha kwa machozi. Norbert alipokuwa na umri wa miaka 8, daktari alimkataza kusoma kwa muda wa miezi sita ili macho yapumzike. Masomo hayakukoma kwa sababu hiyo. Alisomewa kwa sauti, naye akajizoeza kufanya hesabu kichwani bila kalamu wala karatasi, na mazoea hayo yalimfaa maisha yake yote.

Mwaka 1906, angali na miaka 11, alimaliza shule ya sekondari katika mji wa Ayer, miongoni mwa wenzake waliokuwa karibu kuwa watu wazima. Akaingia Chuo cha Tufts, akapata shahada ya hesabu mwaka 1909, na mwaka 1913 Harvard ikampa shahada ya udaktari akiwa na umri wa miaka 18. Magazeti yalimwandika kama kioja. Lakini msimwonee wivu upesi. Siku moja aliona katika jarida maneno ya baba yake, kwamba mtoto huyu hana kipaji cha peke yake, ila amefundishwa vizuri tu. Norbert aliumia sana moyoni, maana aliona kwamba akishinda sifa ni ya baba, na akishindwa aibu ni yake mwenyewe. Huzuni ilimwandama mara kwa mara hata uzeeni.

Baada ya Harvard alivuka bahari. Alisoma Cambridge, Uingereza, kwa Bertrand Russell, kisha Göttingen, Ujerumani, kwa mwanahesabu mashuhuri David Hilbert. Aliporudi kwao alihangaika kutafuta kazi. Katika vita vya kwanza vya dunia alipiga hesabu za mizinga. Akafanya kazi ya gazeti mjini Boston, akaandika habari za taabu za wafanya kazi wa viwanda vya nguo, lakini aliachishwa kwa kuwa alisitasita kumsifu mwanasiasa aliyependwa na wenye gazeti. Hapo twaona kwamba moyo wake wa kukataa ulianza mapema. Mwaka 1919 akapata kazi ya kufundisha hesabu katika Chuo cha Ufundi cha Massachusetts, nacho hakukiacha mpaka alipostaafu mwaka 1960. Mwaka 1926 alimwoa Margaret Engemann, wakajaliwa binti wawili.

Sasa nije katika jambo lililobadili maisha yake. Katika vita vya pili vya dunia, ndege za Ujerumani zilikuwa zikiipiga Uingereza kwa mabomu, na wenye mizinga walishindwa kuzitungua. Sababu ni rahisi kuielewa. Risasi ya mzinga huchukua muda kufika juu, na katika muda huo ndege imekwisha sogea. Mpigaji hawezi kulenga pale ndege ilipo. Lazima alenge pale itakapokuwa. Wiener na mhandisi kijana, Julian Bigelow, walijaribu kutengeneza chombo cha kubashiri njia ya ndege kwa kuangalia njia iliyokwisha pita. Chombo chao hakikufika vitani. Lakini katika kukitengeneza Wiener alitambua jambo kubwa: rubani, mpiga mzinga na mashine yenyewe wote huongozwa kwa namna moja, yaani kila mmoja hutenda, huona kosa lake, kisha hujirekebisha.

Sisi tulio mbali na pwani twaweza kulifahamu jambo hili kwa kumtazama mtu aendeshaye mtumbwi ziwani. Upepo ukimsukuma kushoto, huona omo imepotoka, akapiga kasia kuirudisha. Ikizidi kwenda kulia, huirudisha tena. Hafiki ng'ambo kwa sababu ya kwenda sawasawa, bali kwa sababu ya kuliona kosa na kulisahihisha kila mara. Wiener aliona kwamba mkono wa mtu unaookota kalamu huongozwa hivyo hivyo, na mashine pia yaweza kufanywa ijiongoze hivyo. Kwa shauri na rafiki yake Arturo Rosenblueth, daktari wa Meksiko, alianzisha elimu mpya, akaipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya mshika usukani. Ndiyo elimu ya saibanetiki, na kitabu chake Cybernetics kilitoka mwaka 1948.

Lakini kabla ya kitabu hicho kutoka, mambo mazito yalitokea. Mwezi wa Agosti, 1945, Marekani iliangusha mabomu ya atomiki juu ya miji ya Hiroshima na Nagasaki, watu kwa makumi ya maelfu wakafa. Wiener alitaabika sana. Yeye hakulitengeneza bomu, lakini alijiuliza elimu yake inakwenda mikononi mwa nani. Baadaye mhandisi wa kampuni moja kubwa ya ndege alimwandikia kumwomba nakala ya taarifa yake ya wakati wa vita, apate kuitumia katika kazi ya makombora yanayojiongoza. Wiener alikataa. Barua yake ya kukataa ilichapishwa katika jarida la Atlantic Monthly mwezi wa Januari, 1947. Alijua vema kwamba mhandisi yule aweza kuipata taarifa hiyo serikalini. Lakini haitatoka mkononi mwake. Mwezi huo huo alijitoa katika mkutano wa wataalamu wa mashine za kuhesabu uliofanywa Harvard, kwa kuwa fedha za jeshi la maji zilikuwamo.

Wengine walimsifu, na wengine walimwona mpumbavu anayejifungia milango. Ni kweli kwamba makombora yalitengenezwa bila yeye. Basi kukataa kwake kulikuwa na faida gani? Mimi nadhani faida ni hii: aliwaonyesha wenzake kwamba mwenye elimu hawezi kujitetea kwa kusema yeye ni fundi tu, na matumizi ni shauri la wengine.

Hakuishia katika vita. Mwaka 1949 alimwandikia Walter Reuther, kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa viwanda vya motokaa, kumwonya kwamba mashine zenye kujiongoza zitaingia viwandani na kuchukua kazi za watu wengi, na kwamba wafanya kazi wajiandae mapema. Alimwambia pia kwamba yeye mwenyewe amekataa kuwasaidia wenye viwanda katika jambo hilo. Reuther alimjibu upesi kwa simu ya maandishi. Mwaka uliofuata, 1950, Wiener alitoa kitabu cha kuwaelezea watu wa kawaida mambo haya, The Human Use of Human Beings. Neno lake kubwa lilikuwa kwamba ni dhuluma kumtumia binadamu kama kipande cha mashine, na ni upumbavu kuiachia mashine maamuzi yaliyo wajibu wa binadamu.

Wakati huo kompyuta zilikuwa chache, kubwa kama chumba. Lakini Arthur Samuel wa kampuni ya IBM alitunga programu ya kucheza dama. Programu hii haikufuata tu maagizo yaliyoandikwa. Ilijifunza kutokana na michezo iliyokwisha cheza, hata ikamshinda mtungaji wake. Mwaka 1960 Wiener aliandika makala katika jarida la Science juu ya mashine za namna hii. Alisema kwamba mashine yenye kujifunza yaweza kutenda mambo ambayo mtengenezaji wake hakuyatazamia, tena kwa haraka ipitayo akili ya mtu. Ikiwa tumeipa lengo lisilokuwa lile tulitakalo hasa, tutatambua kosa letu wakati wa kuizuia umekwisha pita.

Ili kulifafanua jambo hili alipenda kutumia hadithi za kale. Moja imo katika Alfu Lela Ulela, ambayo wengi wetu tumeisoma kwa Kiswahili: mvuvi aliyefungua chupa iliyopigwa muhuri, akatoka jini aliyetaka kumwua. Nyingine ni ya Mwingereza W. W. Jacobs, juu ya mkono wa nyani wenye uchawi wa kutimiza maombi. Mzee mmoja akauomba paundi 200. Mara akaja mjumbe wa kiwanda kumwarifu kwamba mwanawe ameuawa na mashine, na kampuni inatoa kifuta machozi cha paundi 200. Ombi limetimizwa kama lilivyotamkwa, wala si kama lilivyokusudiwa. Hivyo ndivyo mashine ilivyo, alisema Wiener. Hukupa ulichoagiza, haikupi ulichotaka.

Samuel alimjibu katika jarida lile lile. Alishikilia kwamba mashine haina nia yake. Haifanyi ila yale iliyowekewa na watu, na kwa hiyo hofu ya Wiener haina msingi. Wasomaji, pimeni wenyewe hoja hizi mbili. Mimi nimezipima, nikaona kwamba jibu la Samuel halimwondoi mtu hofu. Ndiyo kwanza linamwonyesha hofu ilipo. Ikiwa mashine haina nia, basi nia yote ni yetu, na kosa lote ni letu, na hakuna jini wa kumlaumu.

Isidhaniwe kwamba Wiener aliichukia mitambo. Alishughulika na kifaa cha kuwawezesha viziwi kupokea sauti kwa kuihisi vidoleni, na alitoa wazo la mkono wa bandia unaoongozwa na umeme mdogo wa misuli ya mtu aliyekatwa mkono. Mkono wa namna hiyo ulitengenezwa Boston baada ya kufa kwake. Elimu ile ile iliyozaliwa katika kazi ya mizinga iliweza kumrudishia kilema mkono wake. Kilichotofautiana ni kusudi.

Mwezi wa Januari, 1964, Rais Lyndon Johnson alimpa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Tarehe 18 Machi mwaka huo huo alifariki ghafula mjini Stockholm, Sweden, akiwa safarini, umri wake miaka 69. Kitabu chake cha mwisho, God & Golem, Inc., kilitoka mwaka ule ule na kupewa tuzo ya vitabu ya taifa mwaka 1965. Humo aliwakanya wale waliotumaini kwamba mashine zitatupumzisha kufikiri. Alisema kinyume chake: kadiri mashine zinavyozidi ujuzi, ndivyo sisi tutakavyodaiwa fikira safi na moyo mnyofu zaidi.

Leo programu zenye kujifunza hazichezi dama tu. Hufasiri lugha, hujibu maswali na huandika insha, na wengi wetu tunazo katika simu mfukoni. Mwanafunzi aliyeachiwa kazi ya nyumbani huweza kuiagiza mashine iandike, naye akalala. Asubuhi hupata insha nzuri. Lakini mwalimu hakuitaka ile karatasi. Alitaka akili ya mwanafunzi ikomae kwa kuiandika. Kijana huyo ameushika mkono wa nyani. Ameomba paundi 200, amezipata, wala hajui bado amepoteza nini.

Nanyi mliokwisha toka shuleni, ambao sasa mna ofisi, maduka na hospitali mikononi mwenu, jambo hili lawahusu zaidi. Mashine itapowachagulia mtu wa kuajiriwa, au wa kukopeshwa, au wa kutibiwa kwanza, jiulizeni imepewa lengo gani, na nani aliyelitoa. Upepo haulaumiwi mtumbwi unapokwenda mrama. Huulizwa aliyeshika kasia alikuwa akitazama wapi.